Umekubaliwa na Shule Mbili za D.O.: Uende Ipi?

Mara nyingi hapa tunazungumza habari za presha, sukari na chanjo za watoto. Leo tunageuza kidogo. Tunazungumza habari za watoto wetu wanaotaka kuwa madaktari, na uamuzi mmoja unaowakosesha wazazi wao usingizi.

Suala lenyewe lilikuja kwa simu. Dada mmoja wa hapa Rockville, ambaye kwa miaka mingi amebeba boksi mchana na kulea wazee wa watu usiku ili watoto wasome, alinipigia Jumapili jioni. Binti yake alianzia Montgomery College, pale kampasi ya Mannakee Street, akahamia chuo kikuu, akamaliza biolojia, akafanya mtihani wa MCAT. Sasa amekubaliwa na shule mbili za udaktari. Moja ni Philadelphia College of Osteopathic Medicine, ambayo wenyewe huiita PCOM. Nyingine ni Meritus School of Osteopathic Medicine ya Hagerstown, hapa hapa Maryland. Badala ya kushangilia, dada alikuwa na sauti ya mtu aliyeletewa taarifa ya msiba. "Mdogo wangu," akaniuliza, "hii osteopathi si ndiyo uganga wa kuunga mifupa? Nimehangaika miaka yote hii ili mtoto akawe mkandaji?"

Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Nilimjibu alichotaka kujua siku ile, lakini baadaye nikafikiri kwamba swali hili limo katika nyumba nyingi za wadau wa Rockville, Gaithersburg, Silver Spring na hata ng'ambo ya mto, Virginia. Basi majibu yenyewe, kwa kirefu, ni haya.

D.O. NI DAKTARI WA NAMNA GANI?

Marekani ina shahada mbili zinazomfanya mtu awe daktari kamili: M.D. na D.O. Wote wawili wanasoma miaka minne baada ya digrii ya kwanza. Wote wanaingia kwenye rezidensi, yaani ile miaka ya kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa kabla ya kujitegemea. Wote wanaandika dawa, wanapasua, wanazalisha, wanasoma picha za X-ray, na wanapewa leseni katika majimbo yote 50. Tofauti kubwa ya masomo ni kwamba mwanafunzi wa D.O. anaongezewa saa zipatazo 200 za kujifunza kuchunguza na kutibu mwili kwa mikono: mgongo, shingo, viungo na misuli. Huko ndiko jina la mifupa lilikotoka.

Aliyeanzisha njia hii ni daktari mmoja aitwaye Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za wakati ule hazikuwasaidia chochote. Akatafuta njia nyingine. Mwaka 1892 akafungua shule yake katika mji wa Kirksville, Missouri, na tangu darasa la kwanza akapokea wanawake, jambo ambalo shule nyingi za wakati ule hazikulitaka.

Kwa muda mrefu wenye M.D. waliwadharau wenye D.O., hilo tusilifiche. Kuna kisa cha California ambacho nakipenda. Mwaka 1962 madaktari wa D.O. zaidi ya 2,000 wa jimbo lile waliambiwa wanaweza kuwa M.D. kwa kulipa dola 65 tu. Wengi wakalipa. Jiulize mwenyewe: kama elimu yao ilikuwa duni, ingewezekanaje kurekebishwa kwa dola 65?

Leo zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini hapa wako shule za D.O. Na kwa sisi wa eneo hili upo mfano wa karibu. Luteni Jenerali Ronald Blanck, aliyesimamia hospitali ya jeshi ya Walter Reed na baadaye akawa mganga mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kuanzia 1996 hadi 2000, alikuwa D.O. Alimaliza PCOM mwaka 1967. Nilipomtajia dada habari hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, endelea."

Tangu mwaka 2020 rezidensi za M.D. na D.O. ziko chini ya mfumo mmoja, kwa hiyo wote wanagombea nafasi zile zile. Mwezi Machi 2025, wanafunzi wa D.O. wa mwaka wa mwisho waliopata nafasi walikuwa asilimia 92.6, na wa M.D. asilimia 93.5. Raia wa Marekani waliosomea udaktari nje ya nchi walipata asilimia 67.8. Ndiyo maana huwa nawaambia vijana: kabla hujakimbilia visiwa vya Karibiani kwa sababu wanakutumia barua nzuri, tazama kwanza shule za D.O. za hapa hapa. Ni kweli kwamba katika fani chache zenye ushindani mkali, kwa mfano upasuaji wa ubongo au magonjwa ya ngozi, mwenye D.O. bado anapanda mlima mrefu zaidi. Lakini mlima huo hauwi mfupi kwa kuchagua shule hii ya D.O. na kuiacha ile. Shahada ni ile ile.

UNA NIA YA KURUDI NYUMBANI?

Neno osteopathi lina maana mbili duniani, nalo limewaponza watu. Uingereza, osteopathi si daktari. Ni mtaalamu wa kutibu viungo kwa mikono, anayesimamiwa kwa sheria yake ya mwaka 1993. Kwa kuwa nchi zetu nyingi za Afrika Mashariki zilirithi mambo ya tiba kutoka kwa Waingereza, ofisa wa kule nyumbani akisikia neno hilo anaweza kufikiria yule wa Uingereza. Waingereza wenyewe walishalitatua hili: tangu 2005 baraza lao la madaktari linawakubali D.O. waliosoma Marekani kuomba usajili kama madaktari.

Kama una ndoto ya kufungua kliniki Tanga, Kisumu au Mbarara, liandikie baraza la madaktari la nchi yako sasa, kabla hujalipa chochote. Kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Eleza kwamba ni shahada ya D.O. ya Marekani, yenye leseni kamili ya udaktari, na uombe jibu la maandishi. Usikubali jibu la simu au la binamu anayefanya kazi wizarani. Jibu hilo litahusu shule zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo halikusaidii kuchagua kati yao, lakini laweza kukusaidia kuamua kama njia yenyewe ni yako.

SHULE KONGWE NA SHULE CHANGA

Sasa tuje kwenye shule zenyewe. PCOM ilianzishwa mwaka 1899. Iko City Avenue, ukingoni mwa jiji la Philadelphia, na darasa lake la mwaka mmoja lina wanafunzi zaidi ya 250. Meritus ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2025, wapatao 90. Ndiyo shule ya kwanza ya D.O. katika jimbo la Maryland, na iko pamoja na hospitali ya Meritus Medical Center.

Kuna wazazi wanaosikia "shule mpya" na kukataa papo hapo. Kuna wengine wanasikia "ni karibu" na kukubali papo hapo. Wote wanakosea njia.

Shule za D.O. zinakaguliwa na chombo kiitwacho COCA. Shule mpya haiwezi kupokea mwanafunzi hata mmoja mpaka ipate ithibati ya awali. Ithibati kamili huja darasa la kwanza linapokaribia kuhitimu, ambalo kwa Meritus ni mwaka 2029. Katikati hapo wakaguzi wanarudi mara kwa mara, na shule inalazimika kuweka fedha za akiba ili ikishindwa wanafunzi wasiachwe barabarani. Kwa hiyo hofu ya kwamba utaamka asubuhi ukute shule imefungwa si hofu kubwa.

Kitu unachokosa kwenye shule changa ni rekodi. COCA inazitaka shule zitangaze kwenye tovuti zao matokeo ya mitihani ya COMLEX, ambayo ndiyo mitihani ya leseni ya D.O., na wahitimu wangapi wamepata rezidensi. PCOM utaifungua tovuti yao na kuyasoma matokeo ya miaka kadhaa. Meritus, mpaka darasa la kwanza litakapohitimu, haina wahitimu wa kukuonyesha. Mwanafunzi wa madarasa ya mwanzo ni kama mpangaji wa kwanza kwenye nyumba mpya. Rangi inang'aa na mwenye nyumba anakujua kwa jina, lakini wewe ndiye utakayegundua bomba gani linavuja. Kwa upande mwingine, katika darasa la watu 90 mwalimu ataona kama umepotea wiki mbili. Katika darasa la 250 na zaidi lazima ujitokeze mwenyewe kuomba msaada, na watoto wetu wengi, tuliowafundisha kunyamaza mbele ya wakubwa, hawajui kufanya hivyo. Mjue mtoto wako ni wa namna gani.

MWAKA WA TATU NA WA NNE

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Miaka miwili ya kwanza ya udaktari ni darasani. Fiziolojia ya figo ni ile ile Philadelphia na Hagerstown, na vijana wa siku hizi wengi wanaisoma kwa video chumbani kwao, mwalimu awepo asiwepo. Miaka miwili ya mwisho ndiyo inayomfanya mtu awe daktari. Mwanafunzi anapelekwa wodini kwa zamu: wiki kadhaa magonjwa ya ndani, wiki kadhaa upasuaji, watoto, uzazi, akili, dharura. Shule za D.O. nyingi hazina hospitali kubwa ya kwao wenyewe. Zinaingia mikataba na hospitali mbalimbali, na mwanafunzi anatumwa huko. Kuna wanaobaki mji mmoja na kuna wanaohama kila baada ya miezi michache wakiwa na sanduku na sufuria mbili kwenye buti la gari.

Unapozungumza na shule, usiulize kama wana zamu za hospitalini. Wote watasema ndiyo. Uliza hivi: Mwaka wa tatu nitakuwa hospitali gani, na nani anapanga, mimi au ninyi au ni bahati nasibu? Ni zamu ngapi za lazima zinafanyika hospitalini penye marezidenti, na ngapi kwenye kliniki ya daktari mmoja? Nikihamishwa mji, nani analipa pango? Je, kuna mwanafunzi aliyewahi kuambiwa ajitafutie zamu yake mwenyewe?

Swali la marezidenti lina sababu yake. Mwanafunzi anayefanya kazi na marezidenti anajifunza jinsi timu ya hospitali inavyokwenda: kuripoti mgonjwa asubuhi, kuandika maelezo, kuitwa usiku. Pia anapata watu watakaomwandikia barua za kumpendekeza, na barua hizo zina uzito mkubwa siku ya kuomba rezidensi. Kukaa na daktari mmoja kliniki kuna faida yake, utagusa wagonjwa wengi kwa mikono yako, lakini mwaka mzima wa namna hiyo unamwacha kijana mtupu.

PCOM, kwa umri wake, ina mtandao mpana wa hospitali Pennsylvania na majimbo ya jirani, na wahitimu wake wametapakaa ndani ya hospitali hizo. Huo ndio utajiri wake wa kweli kuliko majengo. Meritus ina faida ya kuwa shule iliyozaliwa na hospitali: wodi ziko hapo hapo. Lakini hospitali moja ya mji wa kadiri haiwezi kubeba peke yake madarasa mawili ya wodini yakikua. Ukiwa Hagerstown waulize darasa lako litakapofika mwaka wa tatu kutakuwa na wanafunzi wangapi, na hospitali gani nyingine zimeshasaini. Sisitiza neno kusaini. Shule inayosema "tuko kwenye mazungumzo" bado haina nafasi hizo.

Njia nzuri ya kupata ukweli ni kumtafuta mwanafunzi aliye mwaka wa tatu sasa hivi, si yule aliyechaguliwa kutembeza wageni. Muulize wiki iliyopita alikuwa wapi na alilala wapi.

NANI ATALIPA PENGO?

Sasa fedha, na hapa mambo yamebadilika. Wengi wetu tunapeana ushauri wa zamani bila kujua umepitwa na wakati.

Zamani mwanafunzi wa udaktari mwenye karatasi alikopa serikalini gharama yote, ada pamoja na pango na chakula, kwa kuunganisha mikopo miwili. Mmoja wake uliitwa Grad PLUS. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliufuta Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Kuanzia siku hiyo, mwanafunzi mpya wa udaktari, M.D. au D.O., anaweza kukopa serikalini mwisho dola 50,000 kwa mwaka, na dola 200,000 kwa shule nzima.

Fanya hesabu ya mfano. Tuseme shule moja, ukijumlisha ada, pango, bima, chakula na gari, inakula dola 90,000 kwa mwaka. Serikali inatoa 50,000. Pengo ni 40,000. Kwa miaka minne ni dola 160,000, na riba inaendelea kukua wakati mtoto bado anasoma. Tuseme shule ya pili inakula 75,000. Pengo lake ni 25,000 kwa mwaka, jumla 100,000. Tofauti ya shule hizo mbili ni dola 60,000, na yote inatoka kwenye mikopo ya benki. Chukua karatasi za gharama za shule zako mbili, zile halisi za mwaka huu, ufanye hesabu hiyo hiyo. Usitazame ada peke yake.

Mkopo wa serikali hauhitaji mdhamini. Mkopo wa benki, kwa kijana asiye na mshahara wala historia ndefu ya kukopa, karibu kila mara unahitaji. Hapo ndipo anapoitwa baba mdogo mwenye nyumba Germantown au shangazi nesi mwenye kredit nzuri. Ndugu yangu, kudhamini mkopo wa benki si sawa na kutoa mchango wa harusi. Ukishasaini, deni ni lako kama lilivyo lake. Linaonekana kwenye rekodi yako ya kredit. Mwaka kesho ukitaka kununua nyumba, benki italihesabu. Mtoto akifeli mwaka wa pili au akiugua, wewe ndiye utakayepigiwa simu. Sisemi usisaini. Nasema kabla ya kusaini kaeni kikao cha familia, mwenye kusaini awepo, karatasi zisomwe kwa sauti na kutafsiriwa, na aulizwe mbele ya wote kama amekubali. Nimeona undugu wa miaka 30 ukivunjika kwa sababu mtu aliambiwa "ni saini tu, shangazi".

Kuna suala la makaratasi pia. Raia na wenye grini kadi wanastahili mikopo ya serikali. Wenye viza ya mwanafunzi hawastahili, na wenye TPS hawastahili. Mwenye hadhi nyingine yoyote aulize ofisi ya misaada ya shule na apate jibu kwa barua-pepe. Kwa shule changa ongeza swali moja, tena liwe la kwanza kabisa: "Je, wanafunzi wenu wanaweza kuchukua mikopo ya serikali kuu mwaka nitakaoanza?" Shule haipati haki hiyo kwa kufunguliwa tu, inaiomba na kukubaliwa. Jibu likiwa hapana, au "tunatarajia", hesabu yote ya hapo juu inabadilika, maana dola 50,000 hizo nazo zitatafutwa benki.

Kabla hamjaiendea benki, tazameni kwanza karibu na nyumbani. Wangapi wetu tunapita Fishers Lane, karibu na stesheni ya Twinbrook, bila kujua kuna nini kwenye lile jengo kubwa? Ndiyo ofisi za HRSA, idara ya serikali kuu inayosimamia mpango uitwao National Health Service Corps. Mpango huo unatoa skolashipu kwa wanafunzi wa udaktari, D.O. wakiwemo. Unalipa ada na kumpa mwanafunzi posho ya kila mwezi. Badala yake, akimaliza mafunzo, anafanya kazi ya huduma ya msingi mahali penye upungufu wa madaktari, mwaka mmoja kwa kila mwaka aliolipiwa, na si chini ya miaka miwili. Kwa kijana anayetaka kuwa daktari wa familia au wa watoto, hiyo ni kazi ambayo angeifanya hata hivyo. Ushindani ni mkubwa, lakini kuomba hakulipiwi. Jeshi nalo lina skolashipu yake kubwa.

Zote mbili zinataka uraia, grini kadi haitoshi. Hapa nawalaumu wazazi kidogo. Kuna familia zilizoingia kwa bahati nasibu ya grini kadi miaka kumi iliyopita, zilifikisha miaka mitano ya kuomba uraia zamani, na fomu bado iko kwenye droo kwa sababu ya uvivu au ada. Mtoto anakuja kugundua gharama ya droo ile siku ya kuomba skolashipu.

KULALA NYUMBANI

Dada yangu alikuwa ameshaamua moyoni: Hagerstown, kwa kuwa binti atakuwa analala Rockville na kula ugali wa mama. Ni kweli pango linaokolewa. Lakini tuipime njia yenyewe. Kutoka Rockville mpaka Hagerstown ni kama maili 55, unapanda I-270 mpaka Frederick, kisha I-70 juu ya milima. Asubuhi msongamano unakuja upande wa pili, kwa hiyo si mbaya, kama saa moja. Lakini ni maili 110 kwa siku, na wakati wa theluji ile South Mountain si mahali pa kuendesha mtu aliyelala saa nne. Kuna basi la MTA, namba 505, kati ya Hagerstown na Shady Grove, ila limepangwa kwa ajili ya watu wa Hagerstown wanaofanya kazi huku. Asubuhi linashuka, jioni linapanda, kinyume na mahitaji ya binti.

Na wodini zamu zinaanza alfajiri. Mwanafunzi wa upasuaji anatakiwa awe ameshawaona wagonjwa kabla ya saa moja asubuhi. Ukitaka Hagerstown, weka pango la Hagerstown kwenye hesabu, angalau kwa miezi ya baridi na miaka ya wodini. Pango la kule ni nafuu kuliko la Rockville, na hiyo ni faida ya kweli. Philadelphia ni maili kama 135. Hakuna anayejidanganya kwamba atalala nyumbani, na labda hilo lenyewe ni jema. Treni kutoka Union Station inachukua kama saa mbili, na mama anaweza kupanda Red Line Rockville akiwa na vyakula vyake mpaka hapo.

Kuna jambo la mwisho ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Mtoto anayelala nyumbani anakuwa dereva wa wadogo zake, mkalimani wa bibi kwa daktari na mpokea wageni wa misiba. Kwa Montgomery College aliweza. Kwa udaktari hataweza. Akibaki nyumbani, familia ikubaliane mapema nini hataombwa kufanya.

MIMI NINGEFANYAJE?

Dada alinibana nimpe jibu, nami nikampa. Kama pengo la fedha lingekuwa karibu sawa, ningempeleka binti Philadelphia, kwa ajili ya rekodi inayosomeka na mtandao wa hospitali. Kama Meritus ingepungua kwa dola 60,000 au zaidi kwa miaka minne, wanafunzi wake wanapata mikopo ya serikali, na hospitali za mwaka wa tatu zimeandikwa kwa majina, ningechukua Hagerstown bila kusita, hasa kwa binti anayetaka udaktari wa familia. Likikosekana moja kati ya hayo mawili ya mwisho, ningelipa amana Philadelphia.

Kuhusu amana: shule nyingi za D.O. zinadai dola elfu moja, mbili au zaidi ili kukushikia nafasi, na mara nyingi hazirudishwi. Tazama tarehe kwenye barua ya kila shule, maana hazilingani. Kama barua moja inaisha muda kabla hujapata majibu, andika barua-pepe fupi ya heshima uombe wiki mbili. Wengine hukubali. Na ukishaamua, iandikie ile unayoiacha siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna kijana mwingine yuko kwenye orodha ya kusubiri, simu mkononi.

Wasalaam.